Raundi Ndiyo Inayokunywesha

Ukikaa baa ya Moshi saa kumi na mbili jioni na wenzako watano, bia zako zimeshahesabiwa kabla hujavuta kiti vizuri. Mpo sita, kila mmoja atazungusha, basi ni bia sita. Kama kiu yako ilikuwa ya mbili, nne zilizobaki ni deni tu: umenunuliwa, nawe ununue. Wengi wanaotaka kupunguza pombe hupambana na kiu. Kiu haina shida. Shida ni raundi.

Toka kwenye raundi kabla ya chupa ya kwanza, maana ukishakunywa ya mtu umechelewa. Ukifika, mfuate mhudumu kaunta, usimsubiri mezani, umwambie mambo matatu: bili yako iwe peke yake, utalipa kila chupa inapoletwa, na ofa ikija asifungue. Hilo la mwisho ndilo lenye kazi. Mhudumu huja na opena mkononi, anauliza "Baridi au moto?", na kabla hujajibu kifuniko kimeshadondoka. Bia iliyofunguliwa hairudi, na aliyeinunua anakutazama. Isiyofunguliwa inarudi kwenye friji, unabadilishiwa maji au inakusubiri Jumamosi nyingine. Mwachie mhudumu chenji. Atakulinda kuliko rafiki yeyote hapo mezani.

Ukitaka kuwanunulia wenzako, nunua raundi moja, mapema, kisha yaishe. Aliyelipa halafu akaacha kunywa hakuna anayemwita bahili.

Kosa linalowaangusha wengi ni kuhama bia na kwenda Konyagi, eti "nakunywa kidogo". Piga hesabu. Kilimanjaro ya nusu lita, asilimia 4.5, ina kama mililita 22 za pombe yenyewe. Safari ya asilimia 5.5 ina kama 27. Konyagi ni asilimia 35, kwa hiyo mzinga wa mililita 750 una zaidi ya 260. Hizo ni karibu Kilimanjaro 12. Mkiugawana wanne, kila mmoja amekunywa bia tatu na mbele yake hakuna chupa hata moja. Bia angalau inahesabika, hivyo mwambie mhudumu asiondoe chupa zako tupu. Ini linahitaji saa mbili au zaidi kumaliza bia moja ya nusu lita, na kahawa au supu ya asubuhi haiongezi kasi. Kuzimua kwa kunywa tena asubuhi ndiyo kabisa. Unasogeza maumivu mbele.

Mkono usiwe mtupu. Soda maji, barafu na kipande cha ndimu kwenye glasi hufanana na Konyagi, na hakuna atakayekuuliza. Soda tamu hazifai kwa kazi hii, kwani ya tatu inakinai na unajikuta umerudi kwenye bia.

Kisha kuna nyama. Kitimoto au mbuzi wa kuchoma huchukua dakika 45, wakati mwingine saa nzima, na muda wote huo mnakunywa tumbo likiwa tupu. Bia mbili za kusubiri nyama ndizo zinazopanda kichwani haraka. Piga simu jikoni kabla hamjafika, au kula mtori nyumbani kwanza. Ndizi na nyama ikija, punguza chumvi na pilipili. Chumvi inaleta kiu, na baa inajua.

Desemba ina mtihani wake, watu wanaporudi Uchagani. Mbege, pombe ya ndizi ya huko, haina lebo ya asilimia. Inaendelea kuchachuka kwenye pipa, kwa hiyo ya leo tamu si ya kesho. Kuikataa mbele ya wazee ni utovu wa adabu, lakini adabu haisemi umalize kata. Pokea kwa mikono miwili, onja, mpe wa pembeni: "Asante mzee, nimeonja." Baada ya hapo kaa karibu na wanaogawa chakula. Anayekaa karibu na pipa atajaziwa kila akigeuka.

Maswali yatakuja: "Umeokoka?" "Mama watoto kakubana?" Usijitetee kwa kirefu, maana maelezo marefu yanafungua mjadala. "Leo mbili tu" inatosha, sema na ucheke nao. "Nipo kwenye dozi" inafanya kazi mara moja. Wiki ya pili wanataka kujua ugonjwa gani, na huo uongo una gharama zake.

Haya yote ni kwa anayekunywa akiwa na watu. Anayeamka mikono ikitetemeka mpaka apate kidogo asiache ghafla peke yake. Kuacha ghafla kunaweza kumletea degedege, na hata kumuua. Huyo aanzie hospitali.

Kuondoka nako kunapangwa mapema. "Moja ya mwisho" huzaa nyingine mbili, hasa gari likiwa la mwenzako na yeye hajamaliza. Patana na bodaboda unayemfahamu, umwambie saa tatu kamili, na bili iwe imelipwa saa tatu kasoro robo. Akipiga honi nje, glasi yako iwe na barafu tu.