Bwawa la Three Gorges na spidi ya dunia

Mkuu, hiyo stori ya bwawa la Three Gorges huko China kupunguza spidi ya dunia kujizungusha sio chai, ipo, ila watu wanaikuza mno. Ukipandisha maji ya kilomita za ujazo kama 40 yakakaa juu ya usawa wa bahari, uzito unakaa mbali zaidi na mhimili (ule mstari wa katikati ambao dunia inauzunguka) na dunia inazunguka pole kidogo, yani kama umekaa kwenye kile kiti cha ofisi kinachozunguka halafu ukanyoosha mikono. Sasa hesabu ya NASA ilitoa siku kurefuka kwa maikrosekunde 0.06 tu (maikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde) na ncha ya dunia kusogea sentimita 2 hivi, hapo hata saa yako haina habari.

Tena kuna vitu vinafanya kinyume, tetemeko la Japani la 2011 lilikadiriwa kufupisha siku kwa maikrosekunde 1.8.

Mi naona stori kubwa ni maji ya visima, ambayo hakuna anayeipost: kati ya 1993 na 2010 binadamu tulivuta toka ardhini kama tani trilioni 2 na ushee, mengi yakaishia baharini, na watafiti wanakadiria ncha ilihama karibu sentimita 80 kwa hilo peke yake. Barafu ya Greenland nayo ikiyeyuka maji yanasambaa kuelekea ikweta, siku inarefuka.

Ila breki yenyewe kabisa ni mwezi kupitia maji kupwa na kujaa, huo unaongeza kama milisekunde 2 (yani maikrosekunde 2,000) kwenye urefu wa siku kwa kila karne, China ijenge isijenge.