Usimnyang'anye, badilishana naye

Mhariri, mmeuliza wiki hii mbwa akishika kitu mdomoni na hataki kukiachia, mwenyewe afanyeje. Mie naishi Kisauni, Mombasa, Simba wangu ni mbwa wa mtaani tu ana miaka minne, na jibu langu ni hilo hapo juu.

Mwanzo nilikosea. Alipokua na miezi minne hivi, meno ya utotoni yanang'oka ya ukubwani yanaota, alikua anatafuna kila kitu na alichokipenda zaidi ni kandambili. Majirani zangu wengi ni Waislamu, mgeni akivua mlangoni Simba ashabeba kimoja ashatoka mbio, na kwa wenzetu mate ya mbwa ni najisi, lazima paoshwe mara saba na moja iwe kwa mchanga, kwa hivo si jambo dogo. Mie namfukuza mpaka nyuma ya tangi la maji, nikimpata nampanua taya kwa nguvu. Sasa yeye ameelewa nini hapo? Kwamba akishika kitu huyu mama huja mbio na kitu hupotea. Baada ya wiki kadhaa akawa nikikaribia anakakamaa, anakiinamia, jicho la pembeni linatoa weupe, kama ni chakula anabugia haraka haraka, alafu siku moja akaninguruma. Mume wangu alitaka kumchapa nikakataa, na mpaka leo nashikilia hapo: ukimchapa kwa kunguruma hofu inabaki palepale, unachomtoa ni lile onyo tu, siku nyingine atauma kimya kimya.

Nikaanza upya na kitu asichokijali, kipande cha kamba. Nampa, akishika nasogeza maini ya kuchemsha puani kwake (vipande vidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, bila kitunguu, kitunguu ni sumu kwa mbwa), akifungua mdomo nasema "achia", anakula, naokota kamba, alafu NAMRUDISHIA kamba yake. Hapo pa kumrudishia ndipo wengi wanaparuka na ndio penyewe, manake akishajua kuachia si kupoteza hana haja ya kupigana. Mara tatu nne kwa siku, dakika mbili tu. Siku kadhaa baadaye neno likatangulia, maini yakafuata baada ya kuachia, kisha tukapanda kwa soksi, kiatu, mwisho mfupa. Na nikaacha kabisa kumfukuza, kumkimbiza ni kumfungulia mchezo.

Kama wako ashauma mtu usijaribu peke yako, tafuta daktari wa mifugo, na watoto wasihusike. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 aende hospitali siku hiyo hiyo, kichaa cha mbwa hakingoji.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili naliweka moyoni. Asubuhi moja tulikua pwani Bamburi, maji yamekupwa, wavuvi washatoa samaki wao na wale wasiofaa wamewatupa mchangani, Simba akatangulia, kumwangalia ana bunju mzima mdomoni, yule samaki anayejifura. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa bunju, sumu yake inapooza mwili mpaka pumzi inakata na haina dawa ya kuizima. Nilijua nikipiga kelele au nikikimbia atammeza. Nikasimama, nikasema "achia" kwa sauti ile ile ya nyumbani ingawa moyo unanienda mbio, akanitazama, akamtema pale pale akaja. Bunju singeweza kumrudishia, kwa hivo nilimpa maini yote ya mfukoni moja baada ya jingine huku namfunga kamba, nikamsuuza mdomo na maji ya chupa, nikakaa naye karibu siku nzima, hakupatwa na kitu.

Kabla ya kuondoka nilimfukia yule bunju chini sana, manake mbwa wengine hupita pale.