Jumla za duka kwenye Excel: acha kalkuleta

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini hesabu za duka lako hazilingani ilhali jumla unazipiga kwa kalkuleta kwanza, ndipo unaziandika kwenye Excel. Tatizo liko hapo hapo. Jumla uliyoiandika kwa mkono haina habari na namba zilizo juu yake; ukirekebisha bei ya sukari leo, yenyewe inabaki ile ya jana.

Shida hiyo ndiyo iliyozaa programu za majedwali ya hesabu kama Excel. Mwaka 1978 Dan Bricklin, akisomea biashara Harvard, alimwona mwalimu akijaza jedwali ubaoni: namba moja ikibadilika, anafuta na kuandika upya zote zinazoitegemea. Akawaza jedwali linalojikokotoa lenyewe. Aliliunda na rafiki yake Bob Frankston, na mwaka 1979 VisiCalc ikaanza kuuzwa kwa ajili ya kompyuta za Apple II. Wapo walionunua kompyuta kwa sababu ya programu hiyo tu, na mimi siwashangai hata kidogo.

Kwa hiyo kwenye kisanduku andika njia ya kupata jibu, Excel italitafuta. Idadi iwe safu ya B, bei safu ya C, kisha kwenye D2 andika =B2*C2 na uburute kona ya chini kulia ya kisanduku hicho hadi D31. Chini yake weka =SUM(D2:D31). Badilisha bei moja uone jumla ikibadilika papo hapo.

Usiandike "kilo 5" kwenye safu ya idadi, maana Excel itayaona ni maneno na hesabu itagoma. Andika 5 tu. "Kilo" ikae kwenye kichwa cha safu.