Nimekunywa chai kabla ya Misa, nikomunike?

Chai uliyokunywa dakika 40 kabla ya Misa ya Dominika haikuzuii. Mfungo wa Ekaristi, yaani kutokula wala kunywa kabla ya kukomunika (kupokea Mwili wa Kristo), ni saa 1, na huhesabiwa hadi Komunyo yenyewe, si hadi wimbo wa mwanzo. Wengi hukosea hapo. Masomo, mahubiri na Sala ya Ekaristi vitakuvusha. Kwa Misa fupi ya asubuhi, tazama saa yako. Maji na dawa havivunji mfungo. Wazee, wagonjwa na wanaowauguza hawabanwi nao.

Kikwazo kikubwa ni dhambi ya mauti (dhambi nzito): ukiwa nayo, tangulia kitubio (kuungama kwa padre). Ukipokea mkononi, weka kushoto juu ya kulia, jibu "Amina", kula palepale, kisha kagua kiganja. Chembe iliyobaki nayo ni Mwili wa Kristo, usiipanguse kwenye nguo, imeze.