Ukijenga Dodoma, fikiria jua litadundia wapi

Ndugu zangu mnaojenga Iyumbu, Nzuguni na Ihumwa, kabla ya kuchagua rangi ya bati jiulizeni jua likigonga nyumba yenu litaelekea wapi. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kiangazi chake ni kirefu, na kila kiwanja kinachosafishwa kinaondoka na miti yake.

Mabati meusi na ya kahawia iliyokolea, yanayopendwa sana siku hizi, hunyonya sehemu kubwa ya mwanga, na sehemu ya joto hilo inashukia dari ya jipsamu. Bati jipya lisilopakwa rangi linang'aa kweli, ila chuma kitupu hutoa kwa shida hata lile joto kidogo kinalolinyonya. Ndiyo maana saa nane mchana halishikiki. Rangi nyeupe hurudisha mwanga angani na pia hupoa upesi. Kwangu tulipaka paa jeupe, na Novemba, mwezi wa tabu kuliko yote, watoto wanalala bila kuhamishia magodoro sebuleni. Vumbi letu jekundu hufifisha weupe huo, kwa hiyo paa lioshwe.

Kuta za vioo zinazoakisi sizipendi kabisa. Paa hurudisha mwanga juu. Kioo kinamtupia jirani, mama ntilie na bodaboda anayesubiri abiria. Huko London mwaka 2013, jengo la 20 Fenchurch Street lenye ukuta wa vioo uliobonyea ndani lilikusanya jua hadi likayeyusha sehemu za gari lililoegeshwa barabarani.

Uwanja nao msiufanye mweupe. Phoenix, Marekani, walipaka barabara rangi ya kung'aa. Uso wa barabara ulipoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi mchana, lakini mtembea kwa miguu alipata joto zaidi kwa sababu mwanga ulimdundia mwilini. Chini panahitaji kivuli, na mwarobaini unastahimili ukame wetu.

Kuna na suala la hewa, ambalo mafundi hawaligusi. Ardhi yenye joto husukuma hewa juu, nayo hubeba moshi na kuutawanya. Mtaa ukipoa, msukumo huo hupungua na moshi hukaa chini, puani mwetu. Kwa hiyo nawasihi, mtaa unaopaka mapaa meupe uache pia kuchoma taka uani.

Kama fedha ni ya kuunga unga, pakeni paa kabla ya Oktoba, kisha miche ipandwe mvua za Desemba zikianza.