Kodi ya hewa ukaa inapunguzaje moshi wa mitambo ya umeme?

Swali: Mtambo wa makaa ya mawe ukitozwa kodi ya hewa ukaa, si utapandisha bei tu na kuendelea kuchoma makaa kama kawaida? Moshi unapunguaje hapo?

Jibu: Bei hupanda kweli, na sehemu kubwa humwangukia mteja. Kinachopunguza moshi ni foleni ya mitambo. Umeme huchukuliwa kwanza kwa mtambo wenye gharama ndogo ya kuzalisha, kisha unaofuata, mpaka mahitaji ya saa hiyo yatimie. Kodi huipanga foleni upya.

Chukua tarakimu za mfano. Mtambo wa makaa wenye ufanisi wa 36%, yaani unaogeuza 36% ya nishati ya makaa kuwa umeme, hutoa tani 0.94 za hewa ukaa kwa megawati-saa moja (uniti 1,000 za umeme). Wa gesi wenye ufanisi wa 50%, tani 0.40. Tuseme makaa ya kuzalisha kiasi hicho ni pauni 22 na gesi ni 35. Gawa pengo la pauni 13 kwa tofauti ya tani 0.54: unapata 24. Kodi ikiwa chini ya pauni 24 kwa tani, makaa yanatangulia. Ikizidi, gesi inayaruka. Mtambo mpya wa gesi wenye ufanisi wa 55% huyaruka mapema, kwenye pauni 17 hivi.

Uingereza ndivyo ilivyofanya. Mwaka 2013 ilianza kutoza kodi yake, ikiongezwa juu ya bei ya vibali vya Umoja wa Ulaya ambavyo mitambo hulazimika kuwa navyo kwa kila tani ya hewa ukaa, na kufikia 2015 ilikuwa pauni 18 kwa tani. Makaa yaliyokuwa yakitoa karibu 40% ya umeme mwaka 2012 yalishuka hadi karibu 9% mwaka 2016. Usiipe kodi sifa zote, lakini: gesi ilikuwa imeshuka bei, na kanuni za Ulaya za moshi wa salfa zilikwisha kufunga mitambo mikongwe kadhaa. Tena mitambo ya gesi ilikuwepo tayari, haina kazi ya kutosha. Bila hiyo, kodi ingebaki kwenye bili tu.

Gesi ikipanda ghafla, hesabu inavurugika. Mwaka 2022 vibali vya Ulaya vilifika euro 80 na zaidi, na bado Ujerumani ilichoma makaa, kwa kuwa pengo la bei kati ya gesi na makaa lilikuwa limepanuka kuliko gharama ya vibali.

Kwa Kenya hesabu ni nyingine. Mitambo ya mafuta mazito kama ya Kipevu, Mombasa, tayari iko mwisho wa foleni, nyuma ya mvuke wa ardhini, maji na upepo. Ukiitoza kodi, haina wa kumpisha. Saa za jioni itawashwa vilevile, kwa bei ya juu zaidi.