Ukianza kusoma wadudu, anzia mdomoni

Wanaoanza somo la wadudu hukimbilia majina ya kisayansi. Yaache kwanza. Katika wanafunzi niliowafundisha, wanaoelewa haraka ni wale wanaomtazama mdudu na kuuliza: huyu anakula nini, na kwa mdomo wa namna gani?

Hakikisha tu kwamba ni mdudu kweli: miguu sita, na mwili wenye kichwa, kifua na tumbo. Buibui ana miguu minane, hayumo.

Panzi ana taya za kutafunia majani. Mbu jike ana sindano sita nyembamba ndani ya ala moja. Damu anaihitaji ili mayai yakomae. Nguvu ya kurukia anaipata kwenye nekta, yaani maji matamu ya maua, sawa na dume, ambaye damu hainywi kabisa.

Kazi ya kwanza ninayompa kila mgeni ni ya nzi. Dondosha maji ya sukari juu ya kioo kisafi, mfunike nzi hapo kwa bilauri, kisha mtazame kwa chini. Miguu inagusa tone kwanza, ndipo mdomo unashuka na ncha yake kutanuka kama sponji. Nzi huonja kwa miguu. Akikuta sukari kavu, huitemea mate iyeyuke, halafu huifyonza. Ukishaona hivyo kwa macho yako, hutahitaji kukariri kwa nini nzi hueneza maradhi: miguu anayoonjea chakula ndiyo aliyokanyagia kinyesi.

Swali la pili ni la umri, na hapa ndipo wengi huteleza. Kiwavi hutafuna majani. Akishapita hatua ya pupa, anapotulia bila kula huku mwili ukibadilika, na kuwa kipepeo, ana mrija wa kunyonya nekta. Ni mnyama yuleyule mwenye chakula kingine. Panzi hana pupa: tunutu, yaani panzi mchanga, hutoka yaini akiwa na umbo la wazazi wake na taya zilezile, ila mabawa bado, na hukua kila anapojivua gamba. Kwa hiyo usiandike kamwe "mdudu huyu anakula majani" bila kutaja yuko hatua gani.

Nondo wa hariri ndiye mfano ninaoupenda kuliko yote. Akiwa mzima hali chochote. Anaishi siku chache kwa akiba aliyoiweka alipokuwa kiwavi kwenye majani ya mforosadi, na kazi iliyobaki ni kuzaana. Jike hutoa harufu, dume huinasa kwa vipapasio vyake vyenye matawi mengi. Mwaka 1959 mwanakemia Adolf Butenandt na wenzake waliitambua kemikali yenyewe, bombikoli, baada ya kutumia tezi za majike wapatao 500,000. Fikiria kiasi kidogo kinachomtosha dume mmoja!

Mawasiliano mengine yanahusu chakula moja kwa moja. Nyuki hucheza juu ya sega kuwaonyesha wenzake upande na umbali wa maua. Karl von Frisch, aliyeifafanua ngoma hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili. Sisimizi huacha harufu njiani, na hilo unaweza kulijaribu leo. Wakishapanga msururu kwenda kwenye sukari, futa kipande cha njia kwa kitambaa chenye maji. Watakaofika hapo watasita, watapapasa huku na huku, wengine watageuka. Pima muda hadi msururu uungane, kisha rudia kwa kufuta kipande kirefu zaidi.